Hakiki tochi kama shahidi: namna ninavyopima, ninavyoandika na ninavyorekebisha

Tochi mpya ikikufikia, usiiwashe kwanza. Najua hamu ilivyo, lakini kuna mambo ya dakika ishirini za mwanzo ambayo hayarudi tena: rangi kabla haijakwaruzika, pete ya mpira ikiwa bado na grisi ya kiwandani, betri ikiwa na chaji ileile iliyosafiri nayo. Ipige picha ikiwa ndani ya boksi lake. Fungua kifuniko cha nyuma uangalie hesi: zimekatwa safi, au zina vumbi la chuma? Toa betri, iweke kwenye mizani ya jikoni, andika uzito. Pima na tochi bila betri, andika. Andika tarehe. Ukishamaliza hayo, washa.

Nahakiki tochi na betri kwa mapenzi tu, mwaka wa saba sasa. Si fundi wa umeme, wala siuzi chochote. Uhakiki wangu wa kwanza niliuandika siku ileile tochi ilipofika. Niliiwasha, nikaona mwanga ulivyokwenda mbali, nikajaza kurasa mbili za sifa. Siku ya kumi na moja swichi ikaanza kugoma. Unabonyeza mara mbili, mara tatu, ndipo inashika. Kufikia hapo kuna mtu alikuwa ameshainunua kwa maneno yangu. Aliniandikia swali moja tu: "Kaka, hiyo tochi ulikaa nayo siku ngapi kabla ya kuisifia?" Nilimjibu kwamba nilikaa nayo saa tatu. Hakuniandikia tena.

Tangu siku ile, mstari wa kwanza wa kila uhakiki wangu unataja vitu viwili: tochi nimeipataje, na nimekaa nayo siku ngapi. Mhakiki ni shahidi. Shahidi husema alichokiona kwa macho yake, alikuwa amesimama wapi, na mwanga ulikuwaje. Asichokiona hakisemi. Nikisoma uhakiki wa mtu mwingine nautafuta ushahidi huo kwanza, na nikiukosa naufunga.

Chagua kitu kimoja

Wanaoanza hutaka kuhakiki kila kitu: leo spika, kesho begi, keshokutwa birika. Usifanye hivyo. Chagua kitu kimoja unachokitumia kweli, ukae nacho. Tochi ya kwanza huwezi kuihukumu kwa sababu huna cha kulinganisha nacho. Ya tano unaanza kuona tofauti. Ya kumi na tano mkono wenyewe unajua swichi imewekwa pabaya kabla hujafikiri. Mimi nilichagua tochi kwa sababu natembea sana usiku, na kwa sababu tochi ina namba nyingi kwenye boksi, na namba inapimika. Wewe huenda ukachagua kalamu za wino, vipaza sauti vya masikioni au visu vya mfukoni. Vipimo vitabadilika, ila mwenendo wa kazi ni huuhuu.

Daftari

Nunua daftari la karatasi. Simu ni nzuri, lakini gizani ukiwa na tochi mkono mmoja na kipimo mkono wa pili, kalamu ni nyepesi zaidi. Tena ukurasa ulioandikwa kwa kalamu huoni haya kuuacha ulivyo. Kwenye simu utajikuta unafuta neno ulilokosea, na pengine neno lile ndilo lingekufaa.

Ninachoandika hakina mpangilio wa kupendeza. Mfano wa siku moja: "Siku ya 4. Nimeiangusha kutoka mfukoni, sakafu ya saruji. Imewaka. Alama ndogo kwenye ukingo wa kichwa. Mke wangu ameshindwa kupata mwanga mdogo, amebonyeza akaangaziwa usoni." Mstari huo wa mwisho umenisaidia kuliko vipimo vyote vya wiki ile. Mimi nilikuwa nimeshazoea kubonyeza kwa muda mrefu ili kupata mwanga mdogo, sikuona tatizo tena. Mtu asiyeijua tochi aliliona kwa sekunde moja. Kwa hiyo mpe tochi mtu mwingine, usimweleze chochote, kaa kimya uangalie mikono yake.

Kusoma namba za boksi

Hapa ndipo mhakiki anapopata kazi yake hasa, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi anapopotea.

Tangu 2009 kuna kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1 ambacho watengenezaji wengi wa tochi hukifuata. Ukiona kwenye boksi picha ndogo za mwale, saa, tone la maji na kitu kinachoanguka, ndizo alama zake. Kiwango hicho kinasema lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka mbele, zipimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Umbali ni pale mwanga unapobaki luksi 0.25 (luksi hupima mwanga unaofika mahali, si unaotoka kwenye tochi), sawa na mwanga wa mbalamwezi pevu usiku usio na mawingu. Kuanguka ni kuanzia mita 1, juu ya zege.

Sasa soma tena namba mbili za kwanza, taratibu. Boksi linasema lumeni 1,200. Boksi hilohilo linasema saa 2 na nusu. Mnunuzi anasoma: nitapata lumeni 1,200 kwa saa 2 na nusu. Hakuna aliyemwambia hivyo, lakini kila mtu anasoma hivyo. Tochi moja niliyoipima ilitoa karibu lumeni 1,200 kwenye sekunde ya 30, kweli kabisa. Dakika ya 3 ilikuwa imeshuka hadi theluthi moja na kidogo, kwa sababu LED hupata joto kali na saketi hupunguza umeme ili isiungue. Kuanzia hapo ilikaa kwenye lumeni kama 400, imetulia, kwa zaidi ya saa mbili, kisha ikafifia hadi 120, ambazo ndizo asilimia 10 ya 1,200. Namba zote mbili za boksi ni za kweli. Tochi yenyewe, kwa mtu anayeibeba, ni tochi ya lumeni 400 yenye dakika 3 za mwanga mkali. Na lumeni 400 zilizotulia ni tochi nzuri sana! Mwambie msomaji hivyo, kwa maneno hayo, naye atakushukuru kuliko ukimnakilia boksi.

Kuhusu maji, boksi huwa na alama ya IPX na namba, yaani tochi inavumilia maji kiasi gani. IPX4 ni kurushiwa maji tu, yaani mvua. IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo tafuta kina hicho kimeandikwa wapi. Kabla ya kuizamisha tochi kwenye ndoo hakikisha pete za mpira zipo na kifuniko kimekazwa, na baada ya kuitoa ifute, ndipo uifungue juu ya karatasi kavu ya chooni. Tone moja la maji ndani litaonekana kwenye karatasi kabla hujaliona kwa macho.

Kupima bila maabara

Maabara hupima lumeni kwa tufe kubwa lililopakwa rangi nyeupe ndani. Sisi tutatumia bafu.

Tafuta chumba kidogo chenye kuta na dari nyeupe. Zima taa, ziba dirisha. Simamisha tochi wima sakafuni ikiangaza dari, kisha weka kipima mwanga pembeni, mahali ambapo mwale hauingii moja kwa moja, kinasoma mwanga unaorudi kutoka darini. Bandika utepe sakafuni, alama moja ya tochi na moja ya kipimo, ili kila tochi isimame palepale maisha yake yote. Nguo zako nazo zinahesabika: shati jeusi linameza mwanga, kwa hiyo ondoka eneo la mwale na usimame palepale kila mara. Mimi husimama nyuma ya mlango ulio wazi kidogo.

Namba utakayopata ni luksi ya bafu lako, si lumeni. Ili kuigeuza unahitaji tochi moja unayoiamini, iliyopimwa vizuri na mtu mwenye vifaa. Tuseme tochi hiyo ni ya lumeni 500, na bafuni kwako inasoma luksi 50. Basi bafu lako linazidisha kwa 10. Tochi mpya ikisoma 82, ni kama lumeni 820. Andika "kama". Njia hii ina makosa, hasa ukilinganisha tochi yenye mwale mwembamba na yenye mwanga wa kutawanyika, na msomaji ana haki ya kujua. Kwa kufuatilia tochi moja inavyoshuka dakika hadi dakika, hata hivyo, ni njia ya kuaminika, maana hapo unailinganisha na yenyewe. Soma sekunde ya 30, dakika ya 1, ya 2, ya 3, ya 5, ya 10, halafu kila dakika 10 mpaka izime.

Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na spika ya juu, na kuna programu za kukisoma. Kinatosha kuanzia, mradi simu isisogee. Baadaye ukiweza nunua kipimo cha luksi chenyewe, kwa sababu vihisi vingine vya simu hufika mwisho wa uwezo haraka na kubaki palepale hata mwanga ukiongezeka.

Feni ni jambo ambalo wengi hulisahau. Tochi iliyopigwa na upepo wa feni hupoa, na ikipoa saketi inairuhusu kuwaka kwa nguvu muda mrefu. Ile iliyosimama peke yake kwenye hewa tulivu hushuka mapema. Iliyoshikwa mkononi iko katikati, maana mkono hubeba joto. Sitasema ipi ni sahihi, ila andika ulitumia ipi, na usizichanganye kwenye jedwali moja.

Umbali una hesabu yake, nayo ni nyepesi. Simama mita 5 kutoka kwenye kipimo, lenga katikati ya mwale, soma luksi. Zidisha kwa 5 mara 5, yaani 25. Unapata kandela, yaani ukali wa mwale wenyewe. Gawanya kandela kwa 0.25, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tochi ile ya boksi la 1,200 ilidai mita 220. Kwangu ilisoma luksi 460 kwenye mita 5. Mara 25 ni kandela 11,500. Gawanya kwa 0.25, unapata 46,000, na kipeuo chake cha pili ni mita 214. Boksi halikudanganya. Usipime ukiwa mita 1, kwa sababu mwale wa tochi nyingi bado haujakusanyika ukiwa karibu hivyo, na hesabu itakupa jibu la uongo.

Halafu nenda nje. Mita 214 ni pale panapobaki mwanga kama wa mbalamwezi, na kwa mwanga huo utajua kuna kitu, hutajua ni kitu gani. Ukirudi nusu ya umbali, mwanga ni mara nne. Kwa macho yangu, hapo nusu ndipo ninapoweza kutofautisha mtu na kisiki. Nikiandika uhakiki natoa umbali wa hesabu, kisha nasema: "Mimi nilimtambua mtu aliyesimama kimya kwenye mita mia moja hivi." Sentensi hiyo nimeilipia kwa kutembea, nikihesabu hatua usiku.

Macho yana vipimo vingine viwili visivyohitaji kifaa. Washa kila kiwango cha mwanga, lenga ukuta, kisha uangalie ukuta huo kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inapita, mwanga huo unawaka na kuzimika kwa kasi. Punga kalamu mbele ya mwanga: ukiona kalamu nyingi zilizokatika badala ya ukungu mmoja, kasi hiyo ni ndogo na kuna watu itawaumiza kichwa. Cha pili ni rangi. Angaza kiganja chako, halafu angaza kitu chekundu. LED nyingi kali zina alama ya 70 kati ya 100 kwenye kipimo cha ukweli wa rangi, na kiganja huonekana cha kijivu kama cha mgonjwa. Zenye 90 na zaidi humulika rangi karibu na ilivyo mchana, lakini kwa kawaida hupoteza ukali kidogo. Anayetengeneza nyaya za umeme usiku anahitaji kuijua kahawia na nyekundu. Kwake lumeni 200 zenye rangi ya kweli zinashinda 1,000 za kijivu.

Betri

Betri nyingi za tochi za sasa zinaitwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Betri nzuri ya umbo hilo mara nyingi ina ujazo wa kati ya mAh 2,500 na 3,500 (miliampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba) na uzito wa gramu arobaini na tano hadi hamsini. Ukikuta imeandikwa 9,900, huo ni uongo, na huhitaji maabara kuusema: hakuna betri ya ukubwa huo yenye ujazo huo. Ndiyo maana nilikuambia upime uzito siku ya kwanza. Niliwahi kupata moja ya gramu 31. Niliiweka kwenye chaja inayopima ujazo, ikatoa mAh 1,080. Niliandika namba hizo mbili tu, uzito na ujazo, bila neno kali hata moja. Hazikuhitaji msaada wangu.

Betri ya aina hii ikijaa inasoma volti 4.2. Mita ya fundi umeme inatosha kuangalia. Chaja iliyomo ndani ya tochi ikisimama kwenye 4.10 si kosa, inailinda betri. Ikipita 4.25 acha kuitumia, na uliandike hilo juu kabisa ya uhakiki, kabla ya sifa yoyote. Betri ya lithiamu ikipata moto haizimwi kwa urahisi. Nachaji juu ya kigae, nikiwa macho, na betri iliyobonyea au kuchanika ngozi siifanyii jaribio lolote tena. Vilevile usifunge tochi iliyowaka kwa nguvu zote ndani ya mfuko wa suruali ili uone itakuwaje. Kuna waliofanya wakaungua paja.

Nikiwa hapa niseme neno kuhusu pawabenki, maana huulizwa kila wiki. Mtu ananunua ya mAh 10,000, anapima umeme unaotoka, anapata 6,300, anaandika kwa hasira kwamba ameibiwa. Hajaibiwa. Zile 10,000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani wati-saa 37. Umeme unatoka kwa volti 5. Gawanya 37 kwa 5, unapata ampea-saa 7.4, yaani mAh 7,400, toa kinachopotea kama joto wakati wa kugeuza, unafika hapo 6,300. Mhakiki asiyejua hesabu hiyo humchafulia jina mtu aliyesema kweli, na jina likichafuka halisafishiki kwa kufuta aya moja.

Picha

Ukipiga picha za miale ya tochi mbili kwa kamera iliyoachwa ijiamulie, utapata picha mbili zinazofanana. Kamera huona giza ikaongeza, huona mwanga mkali ikapunguza. Tochi ya lumeni 150 na ya 1,500 zinatoka kama mapacha. Picha hizo zimejaa mitandaoni na hazina ushahidi wowote.

Iweke kamera kwenye mpangilio wa mkono. Chagua wepesi wa kihisi (ISO), muda wa kufungua na usawa wa rangi, kisha usiviguse mpaka umalize tochi zote za usiku huo. Mimi natumia nusu sekunde na ISO 400, rangi ya mchana, kamera juu ya kigoda, mbele kuna mti na ukuta nyuma yake. Tochi dhaifu itatoka giza. Iache itoke giza, ndivyo ilivyo. Kila picha iandike viwango hivyo chini yake, na kila seti iwe na picha ya tochi moja ya zamani ambayo wasomaji wako wanaijua. Kwangu ni tochi ndogo ya alumini iliyopauka rangi, ipo kwenye kila seti ya picha ya miaka mitano iliyopita.

Kuandika

Ukifika wiki ya tatu una kurasa za kutosha. Mimi hukaa wiki tatu angalau, na betri nikaichaji mara nane au zaidi, kwa sababu swichi ile ya siku ya kumi na moja sijaisahau.

Anza na mtu anayeuliza. Anataka kujua: inanifaa? Mwambie mapema inamfaa nani na haimfai nani, kisha mpe sababu. "Inamfaa anayetembea njia za vichaka, haimfai anayesoma kitandani, kwa sababu mwanga wake mdogo kabisa ni lumeni 15 na utaamsha aliye pembeni." Hayo ni maneno ya kumsaidia mtu. "Tochi bora kabisa" hayamsaidii, kwa kuwa hajui ni bora kwa nani.

Tenganisha vitu vitatu: ulichopima, ulichoona, na unachodhani. "Imeshuka hadi 400 dakika ya 3" ni kipimo. "Mwanga una kivuli cha kijani ukutani" ni macho yako. "Nadhani hesi hizi zitalika baada ya mwaka" ni dhana, iite dhana. Msomaji atakubali dhana yako kwa furaha akishaona huichanganyi na vipimo.

Kuhusu nyota na alama za kumi, mimi nimeziacha. Nilizitumia mwaka mzima, na nikagundua watu wanasoma alama bila kusoma sababu, halafu wanaoishi na mahitaji tofauti wananunua kitu kimoja. Ukitaka kuzitumia, andika kwanza kila alama ina maana gani na uishike sheria hiyo hata kwa kitu unachokipenda.

Andika na ubaya wa kitu kizuri. Kila tochi ninayoipenda ina kasoro, nami huitafuta mpaka niipate: inabingirika mezani, haisimami wima, klipu inachana mfuko, inatafuna betri polepole hata ikiwa imezimwa. Usipoiona kasoro bado hujaitumia vya kutosha.

Vitu vya bure

Ukiandika vizuri kwa muda, mtengenezaji atakuandikia: tukutumie tochi, uihakiki. Kupokea si dhambi. Kuficha ndiko kubaya. Mstari wangu wa kwanza unasema, "Tochi hii nimetumiwa na mtengenezaji bila malipo, hajasoma maandishi haya kabla yako." Naye huambiwa mapema, kwa barua: sitakuonyesha uhakiki kabla haujatoka, sitaondoa ubaya niliouona, na ukitaka vinginevyo usiitume. Wengine hawajibu tena. Wanaojibu ndio unaoweza kufanya nao kazi.

Sheria nazo zimefika hapa. Marekani, kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza maoni ya bandia na kulipia maoni kwa sharti la kusifia. Uingereza ilipiga marufuku maoni ya bandia kuanzia Aprili 2025. Lakini hata pasipo sheria, fikiria tochi ya bure imetoka wapi: aliyekutumia amechagua ile iliyo nzima. Uliyoinunua dukani ni kama ya msomaji. Ndiyo sababu shirika la Consumer Reports la Marekani, lililoanzishwa 1936, hununua lenyewe vitu linavyovipima. Sisi wa mapenzi tu hatuwezi kununua kila kitu, na mimi nimejiwekea kipimo changu: katika kila tochi tatu, mbili niwe nimenunua.

Ukikosea

Utakosea. Niliwahi kuandika kwamba tochi fulani inashuka mwanga haraka mno, na kumbe betri niliyotumia ilikuwa imechoka. Msomaji mmoja mwenye tochi ileile alipima kwake, akapata mara mbili ya muda wangu, akaniandikia kwa upole, na jedwali lake akaliweka. Nilirudia kwa betri mpya, nikapata sawa na yeye. Sikufuta nilichoandika. Nilikikata kwa mstari katikati ili kisomeke bado, chini yake nikaweka tarehe, vipimo vipya, na kwamba kosa lilikuwa betri yangu. Mtengenezaji nikamtumia barua nikimweleza. Tangu hapo kila betri yangu ina utepe wenye tarehe iliyonunuliwa na mara ngapi imechajiwa.

Anayekupinga kwa vipimo mshike mkono, huyo ni mwenzako. Muulize chumba chake kikoje, tochi ilikuwa na feni au hapana, betri gani. Mara nyingi mtagundua nyote wawili mko sahihi na tofauti iko kwenye mazingira, na hapo ndipo mnapojifunza kitu ambacho hakuna boksi lililokiandika.

Baada ya miezi sita itoe tena tochi uliyoihakiki. Angalia hesi, pete ya mpira, swichi, rangi. Irudishe bafuni, isimame kwenye utepe wake, soma sekunde ya 30. Ongeza mistari minne chini ya uhakiki wa zamani, na tarehe. Mimi huwa nayo kwenye kalenda, na ya mwezi huu ni ile ya boksi la 1,200. Nimeshaichaji tangu jana usiku, imekaa kwenye kigae inapoa.